Mwanao anataka kuendesha lori? Muulize analala wapi

Saa 9:20 usiku simu yangu iliita. Alikuwa mdogo wangu wa kiume. Katika familia yetu simu ya saa hizo huwa ni ya msiba au ugonjwa, kwa hiyo niliipokea moyo ukinidunda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimelala, dada. Nimelala kwenye usukani."

Alikuwa amesimama Nyololo, kati ya Mafinga na Makambako, akiwa na kontena alilopakia bandarini Dar es Salaam. Ilikuwa safari yake ya pili kama dereva kamili. Leseni alikuwa nayo, cheti cha mafunzo alikuwa nacho na gari lilikuwa zima. Alichokumbuka ni misitu ya misonobari ya Sao Hill, ukungu na baridi. Baada ya hapo hakukumbuka kitu mpaka aliposikia changarawe ikipiga kelele chini ya magurudumu ya kushoto. Kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha. Kama upande ule kungekuwa na mtu anayetembea, au korongo, simu ya usiku ule ingepigwa na mtu mwingine.

Nilimuuliza ameamka saa ngapi siku ile. Akajibu saa 10 alfajiri, kuwahi foleni ya kupakia. Nikahesabu kwa vidole. Alikuwa macho kwa zaidi ya saa 23.

Kabla ya kukata simu aliniomba kitu kimoja: "Usimwambie mama."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kwa kazi yangu nimeandika mara nyingi kuhusu presha, kisukari na chanjo, lakini usiku ule niligundua kwamba sikuwahi kumuuliza mdogo wangu swali lolote la afya kuhusu kazi aliyoichagua. Nilimuuliza mshahara. Nilimuuliza kama gari ni jipya. Mama alimuuliza kama tajiri wake ni mtu mwema. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi, wala analala wapi.

Makala haya ni kwa mzazi ambaye kijana wake, wa kiume au wa kike, amesema anataka kuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mdogo wangu ameniruhusu kusimulia, kwa sharti nisimtaje jina, wala nisimtaje tajiri wake.

Tulivyoanza

Sisi tumekulia Makambako. Mtoto wa Makambako hujua malori kabla hajajua kusoma. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita mjini, na hapo hapo ndipo inapochepuka ile ya kwenda Njombe na Songea. Usiku unalala ukisikia breki za upepo zikipumua. Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri. Mama alitaka arudie mtihani. Yeye alikwenda kwenye maegesho, akapata dereva mmoja mzee aliyehitaji utingo, na wiki hiyo hiyo akaondoka.

Alikuwa utingo miaka mitatu. Alifunga turubai, alibadilisha tairi, alipika pembeni ya gari, alilinda mzigo usiku na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu gari liliposimama mlimani. Vijana wengi huanzia hapo, na ni shule yenye faida yake. Kijana anaijua barabara, anajua mizani iko wapi, anajua kusikiliza injini.

Lakini shule hiyo ina hatari ambayo wazazi wengi hatuijui. Dereva akichoka, humwachia utingo usukani. Huwa ni usiku, kwenye tambarare, gari likiwa na mzigo, na kijana hana leseni ya daraja hilo. Anaona amepewa heshima. Ukweli ni kwamba amepewa gari na mtu ambaye mwili wake umeshindwa, na ajali ikitokea hana pa kujitetea, si kwa polisi wala kwa kampuni ya bima. Mzazi mwenye kijana utingo amuulize waziwazi: "Umeshawahi kuachiwa gari?" Asiulize kwa ukali, maana ataficha.

Chuoni anafundishwa nini

Kwa Tanzania, leseni inayomruhusu mtu kuendesha malori makubwa ni ya daraja E. Haipatikani siku moja. Kijana anaanza na leseni ya mwanafunzi, anasoma katika shule ya udereva inayotambulika, anapimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha leseni inatolewa kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA). Baada ya kuzoea magari madogo ndipo anapanda ngazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kina kozi za madereva wa magari makubwa, na vyuo vya VETA navyo vinafundisha udereva. Mzazi unayelipa ada, kiangalie chuo kwa macho yako. Uliza kama kuna lori la kufundishia na kama mwanafunzi atalishika mwenyewe, au atakaa darasani akitazama michoro.

Mdogo wangu alirudi kutoka chuoni akiwa na mambo ambayo miaka mitatu ya utingo haikumpa. Alielezwa kwa nini breki za upepo hushindwa. Mtu akiteremka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto na zikishapata moto hazishiki. Ndiyo maana dereva hupunguza mwendo na kuchagua gia nzito kabla hajaanza kuteremka, aiachie injini kazi ya kulizuia gari. Kanuni ya wazee ni kuteremka mlima kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa anayepita Kitonga mkoani Iringa, au Sekenke mkoani Singida, hilo ni suala la kufika au kutofika.

Alifundishwa pia kulikagua gari kabla ya safari: matairi, taa, upepo wa breki, maungio ya kichwa na tela. Alijifunza kurudi nyuma na tela, ambalo huenda kinyume na unavyozungusha usukani. Alijifunza kwamba kwenye kona tela hukata kwa ndani kuliko kichwa, na kwamba kuna maeneo pembeni ya gari ambayo vioo havionyeshi, na mwendesha bodaboda akiwa hapo dereva hamwoni. Alijifunza sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ambayo inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kwamba mwendo wa lori kwenye barabara kuu usizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi.

Yote haya ni ya lazima. Yalimsaidia kupita Kitonga salama usiku ule ule. Kilichomwangusha kilomita nyingi mbele, barabara ikiwa tambarare, ni usingizi.

Usingizi haubembelezwi

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa kwa siku. Akikosa, mwili haumwombi ruhusa, unachukua wenyewe. Ubongo unazima kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linatembea mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde nne ni kama mita 88, karibu urefu wa uwanja wa mpira, bila mtu kwenye usukani.

Watafiti waliolinganisha usingizi na pombe walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Dereva wa namna hiyo angekuwa amekunywa, tungemteremsha. Kwa kuwa amechoka tu, tunamsifu kuwa ni mchapakazi.

Kuna saa mbaya zaidi kuliko nyingine. Mwili una saa yake ya ndani, na kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri unataka kulala hata kama mtu alipumzika mchana. Mchana nao kuna kipindi kama hicho, baada ya chakula, kati ya saa 8 na saa 10. Mdogo wangu alilala saa 9 usiku. Hakuwa mzembe wa pekee. Alikuwa na mwili kama wa kila mtu.

Dalili huja mapema. Ni kupiga miayo mfululizo, macho kuwasha, kichwa kudondoka, kusahau kilomita chache zilizopita, gari kuyumba kwenye mstari. Aliyeona dalili hizo amechelewa tayari, anatakiwa kutafuta mahali salama na kusimama. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kutafuna karanga havitibu usingizi. Kahawa inasaidia kidogo, tena baada ya karibu nusu saa. Njia inayofaa kwa dharura ni kusimama, kunywa kahawa na kulala dakika 20, lakini hiyo ni ya kumfikisha kwenye maegesho ya karibu. Haichukui nafasi ya usiku wa kulala.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana huvipanga kwenye kabini kama risasi, vinaficha uchovu tu. Vikiisha mwilini uchovu unarudi wote kwa pamoja. Wengine wanaongeza mirungi, ambayo kwa Tanzania ni dawa ya kulevya na ni kosa kisheria. Dereva anayekesha kwa mirungi siku mbili anaweza kuanza kuona vitu ambavyo havipo barabarani.

Kwa nini kijana mpya hasimami

Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini hakusimama Mafinga alipoanza kupiga miayo, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Dada, ungesimama wewe?"

Gari lake lina kifaa cha kufuatilia. Likisimama, ofisini wanaona, na simu inaingia: mbona umesimama? Malipo yake makubwa ni posho ya safari, kwa hiyo safari nyingi ndiyo hela nyingi. Yeye ni mgeni, na nje ya geti la yadi kuna vijana kumi wenye leseni kama yake wanaosubiri mmoja afukuzwe. Dereva mzoefu anaweza kumjibu tajiri kwamba amechoka na atalala. Mgeni hana mdomo huo.

Kuna na uchovu ambao hauhesabiwi kama kazi. Kijana anaweza kukaa siku mbili kwenye foleni ya kupakia, analala vipande vipande kwenye kiti, kila foleni ikisogea anaamshwa. Karatasi zikitoka anaambiwa aondoke sasa hivi. Ofisini wanasema alikuwa amepumzika siku mbili. Mwili wake unajua hakupumzika.

Halafu tupo sisi wa nyumbani. Hili lilinichoma. Nilipoangalia simu yake baadaye, jioni ile alikuwa amepigiwa mara saba. Mara mbili ni ofisi. Mara moja ni rafiki. Nne ni mama. Ya kwanza alimuuliza kama ameshapakia. Ya pili amefika Morogoro? Ya tatu iliingia akiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, giza limeingia, wanyama wakivuka barabara. Ya nne ilimkuta akipanda Kitonga. Mama alikuwa amepika, akamwambia ajitahidi apite nyumbani kabla hakujakucha, ale cha moto.

Mama alimpigia kwa upendo. Lakini kila simu ilimwambia kijana jambo lile lile ambalo ofisi ilimwambia: wahi.

Mwili unaokaa kwenye kiti

Kazi hii haimuumizi mtu kwa ajali pekee. Inamla taratibu, na yanayomla yanazuilika yakianza kuangaliwa akiwa bado kijana.

Kwanza, macho. Apimwe kabla ya kulipiwa ada ya udereva, kuona mbali, kuona usiku na kutofautisha rangi. Kijana aliyewahi kuanguka kifafa, au mwenye kisukari, amwone daktari kwanza na amweleze kazi anayoitaka. Ni heri kulijua hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua mlimani.

Pili, maji. Madereva wengi hawanywi maji makusudi, ili wasisimame kukojoa. Matokeo yake ni mawe kwenye figo na maambukizi ya njia ya mkojo, na ukosefu wa maji wenyewe unaleta uchovu na maumivu ya kichwa. Anywe maji, asimame. Kusimama huko kunausaidia na mgongo: kila baada ya saa mbili ashuke, alizunguke gari, aangalie matairi, anyooshe kiuno.

Tatu, chakula. Chipsi, nyama choma na soda kwenye kila kituo, na kukaa kitini saa kumi na kitu, ni njia fupi ya kupata unene, presha na kisukari. Apime presha walau mara moja kwa mwaka hata kama hajisikii chochote. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, arudi kupimwa tena na kuonana na daktari. Unene shingoni ukiongezeka na kijana akaanza kukoroma sana huku akikatika pumzi usingizini, hiyo ni hali inayomfanya aamke amechoka hata akilala saa nane. Utingo anayelala naye ndiye wa kwanza kuisikia, kwa hiyo aulizwe.

Faida ya kupika njiani ni kwamba anakula anachokijua. Lakini jiko la mkaa lisiwashwe wala kuwekwa ndani ya kabini, hata kukiwa na baridi ya Makambako mwezi wa saba. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala nayo madirisha yakiwa yamefungwa anaweza asiamke.

Yale tunayoona aibu kuyasema

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, ni karibu kilomita 2,000, na mipakani gari linaweza kukaa siku kadhaa. Kijana ana hela mfukoni, yuko mbali na wanaomjua, na hana la kufanya. Miji ya mipakani na vituo vya malori vimekuwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi tangu miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu, na wazazi tunalijua. Tunachokosa ni namna ya kulisema mezani.

Liseme hivi hivi lilivyo. Kondomu ziwe kwenye begi lake kama ilivyo leseni. Zipo dawa za kumeza kabla, zinazomkinga mtu aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa, na zinapatikana nchini. Akiwa ameshajiweka hatarini, zipo dawa za dharura ambazo zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Kijana aliye Tunduma usiku wa Ijumaa asisubiri kurudi Dar es Salaam wiki ijayo. Aende hospitali ya hapo hapo. Na akipimwa akakutwa na virusi, dawa za kufubaza akizimeza vizuri ataishi na ataendelea na kazi, na virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye vipimo hatamwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana.

Chanjo nazo zipangwe kabla ya safari ya kwanza. Kongo inahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watu wazima kwa kawaida hutolewa mara tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo iliyoanzwa wiki ya safari imechelewa. Chandarua kiwe kwenye kabini. Sabuni iwe karibu, kwa sababu dereva hupita kwenye milipuko ya magonjwa ambayo sisi tunaisoma magazetini, kama kipindupindu kilichoisumbua Zambia kuanzia mwishoni mwa 2023 na mpox iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura Agosti 2024, Kongo ikiwa ndiyo iliyoathirika zaidi.

Karatasi kabla ya funguo

Mwezi Aprili 2015 madereva waligoma nchini, na moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Mpaka leo kijana anaweza kukabidhiwa gari la mamilioni ya shilingi kwa maneno ya mdomo. Mzazi unaweza usijue gia hata moja, lakini karatasi unaweza kusoma. Isome kabla hajachukua funguo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inasema aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Inasema asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwamba kwa kawaida apate saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Mdogo wangu hakuwahi kuambiwa haya, na nikiri kwamba na mimi niliyasoma baada ya simu ile ya usiku.

Uliza mambo manne. Je, amesajiliwa NSSF? Mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaomlipa mtu aliyeumia kazini? Dereva akisimama kulala anakatwa hela? Safari za Kongo wanakwenda madereva wawili au mmoja? Tajiri anayekasirika kwa maswali haya amekujibu tayari.

Siku mama alipojua

Sikumwambia mama. Alijiambia mwenyewe mdogo wangu, wiki mbili baadaye, akiwa amepita nyumbani mchana na gari tupu. Nilikuwepo likizo. Mama alikuwa akimpakulia ugali na mboga ya maboga. Alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nilikuwa nakupigia," alisema.

"Hapana mama, si wewe."

"Nilikuwa nakupigia uko Kitonga."

Hakulia. Aliketi, akamuuliza maswali ambayo hatukuwahi kuyauliza. Unalala kwenye nini? Godoro la kabini lina unene gani? Kuna pazia? Ukitaka kulala unasimama wapi ambapo hawaibi mafuta? Mdogo wangu alimtajia vituo anavyoviamini, kimoja baada ya kingine, kuanzia Misugusugu. Mama aliviandika nyuma ya daftari la vikoba, kwa mwandiko wake mkubwa, kama ratiba ya basi.

Siku hiyo tulipatana mambo machache, nayaandika kwa kuwa yanawezekana kwa familia yoyote. Hatumpigii akiwa njiani. Anatupigia yeye akishasimama. Akitaka kuendelea na safari baada ya saa 4 usiku, anatuma ujumbe kwanza aseme ameamka saa ngapi, na mmoja wetu anahesabu. Zikizidi saa 16, tunamjibu neno moja: lala. Hela ya nyumbani haina tarehe. Ikichelewa wiki, imechelewa. Na kama kusimama kulala kutamgharimu kazi, arudi nyumbani, chumba chake kipo na hakuna atakayemcheka.

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa zaidi. Alisema kilichokuwa kikimwendesha usiku ule ni hofu ya kurudi nyumbani akiwa ameshindwa, baada ya kukataa kurudia mtihani. Ya tajiri ilikuwa hofu ndogo.

Sasa ana mwaka na miezi kadhaa barabarani. Alimwambia msimamizi wake kwamba baada ya saa 6 usiku haendeshi, akajiandaa kufukuzwa. Alinung'unikiwa, akakatwa posho mara moja, kisha wakamzoea. Si kila kijana atapata bahati hiyo, na sitaki kudanganya kwamba kila tajiri ataelewa. Baadhi watafukuzwa. Lakini kijana aliyefukuzwa kazi anatafuta nyingine.

Wiki iliyopita nilikuwa Makambako tena. Saa 2 usiku simu ya mama iliita, akaipokea akiwa jikoni. Zamani angeanza na "Umefika wapi?" Safari hii alisema, "Marahaba mwanangu. Umesimama? Haya, umekula?" Akasikiliza. Akachukua daftari la vikoba, akaweka alama ya vema kwenye jina la kituo.

"Haya lala," akamwambia. "Kawia ufike."